Kulitia Joto Kabati la Nyoka Hapa Mudende



Mtu, ng'ombe na kuku wana jiko ndani ya miili yao. Chakula tunachokula ndicho kuni za jiko hilo, nalo halizimwi mchana wala usiku. Kwa hiyo mwili wa mtu mzima asiye mgonjwa hukaa karibu na digrii 37, awe Bugarama kwenye joto au awe anapanda Karisimbi. Nyoka hana jiko hilo. Joto lake ni la kuazima: huliazima kwa jua, kwa jiwe lililopata jua, na kwa udongo. Akitaka joto hutoka nje kujianika. Akishiba joto huingia kivulini. Ndiyo sababu nyoka akila panya mmoja aweza kukaa siku nyingi bila kutafuta kingine, kwa maana hana jiko la kulisha.

Lakini mwenye kuazima hupata taabu mahali pasipo na mkopeshaji. Nyoka wa nchi ya joto akiwekwa penye baridi, misuli yake huwa mizito, naye hawezi kukimbia wala kuwinda. Tumbo lake pia hupoa. Akiwa amemeza panya, chakula hakisagiki; huanza kuoza ndani, na mara nyingi hukitapika. Baridi ikiendelea, hupata ugonjwa wa mapafu, akawa anapumua kwa sauti na mdomo wazi. Basi mtu asemaye kwamba anafuga nyoka na hali hajui atampa joto gani, huyo hafugi, anamwua polepole.

Hapa kwetu Mudende jambo hili si dogo. Ufukwe wa ziwa Kivu kule Gisenyi uko kwenye mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Sisi huku chini ya Karisimbi tumepita mita 2,000. Hewa hupungua joto kwa digrii 6 hivi katika kila mita 1,000 tunazopanda, na kila anayeshuka Gisenyi siku ya soko anajua ya kuwa sweta huvuliwa njiani. Chumba cha maabara ambamo kabati letu limesimama hakina dari. Alfajiri kipimajoto kilichotundikwa ukutani kimeonyesha mara nyingi digrii 11 au 12.

Msomaji aweza kuuliza: mbona milima yetu ina nyoka wake, na hakuna anayewapa joto? Ni kweli. Katika milima hii ya volkano yuko nyoka mmoja wa kijani, mwenye sumu, akaaye vichakani na kwenye matete. Wataalamu humwita Atheris nitschei. Yeye hatagi mayai, bali huzaa watoto wakiwa hai. Mayai yakiachwa kwenye udongo baridi huchelewa au hufa, lakini mama aliyeyabeba tumboni aweza kuyapeleka juani kila jua linapotoka. Hiyo ndiyo akili ya maumbile. Ila nyoka huyo si wa kuguswa na mwanafunzi yeyote, nami nimemtaja kwa ajili ya elimu tu.

Nyoka tunayemwombea ruhusa ni mwingine. Ni yule wa rangi ya kahawia, mwembamba, asiye na sumu, apendaye kukaa karibu na nyumba za watu kwa sababu ya panya. Jina lake la kitaalamu ni Boaedon fuliginosus. Watu humpiga fimbo kila wamwonapo, kisha wanalalamika kwamba panya wamemaliza mahindi ghalani. Tukiwa naye hapa shuleni, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataweza kujifunza kumtofautisha na nyoka wa hatari, na kujua ya kuwa si kila nyoka ni mauti. Wanyama wa porini wa nchi yetu wanalindwa na sheria. Kwa hiyo hatutamkamata mmoja mtoni na kumficha kitandani. Ruhusa ya serikali itaombwa kwanza, na mwalimu wa elimu ya viumbe ndiye atakayeiomba.

Kabla ya hayo, mwalimu mkuu ametuwekea sharti moja. Hataki kusikia habari ya nyoka mpaka tuonyeshe kwamba kabati laweza kukaa na joto usiku mzima, bila moto na bila hatari kwa nyumba. Tukishindwa, kabati litatiwa vitabu. Haya yafuatayo ndiyo tuliyojifunza.

Mahali huamua kazi

Kufuga nyoka kwa ajili ya elimu si jambo geni katika Afrika ya Mashariki. Nairobi ilifungua bustani yake ya nyoka mwaka 1961, karibu na jumba la makumbusho. Mwaka 1980 James Ashe, ambaye kwanza alifanya kazi na nyoka huko Nairobi, alianzisha shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu, pwani ya Kenya. Nyoka wa mahali kama hapo hukamuliwa sumu, na sumu hiyo ndiyo hutumika kutengenezea dawa ya walioumwa. Kazi hiyo ina maana kubwa: Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 shirika hilo liliyaingiza maumivu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa.

Lakini msomaji aangalie ramani. Watamu iko ufukweni, na bahari ya Hindi ni kama sufuria kubwa ya maji ya vuguvugu iliyowekwa mlangoni. Pale mfugaji huhangaika kutafuta kivuli. Nairobi iko juu, karibu mita 1,700, na usiku wake wa Julai una baridi. Sisi tuko juu kupita Nairobi. Basi mtu asome kitabu cha Watamu au cha Ulaya, lakini apime chumba chake mwenyewe.

Pande mbili katika droo moja

Kabati letu ni la mbao, upana sentimita 60, kina sentimita 50, na kimo sentimita 60. Lina droo 3, na kila droo ni ya nyoka mmoja tu. Chini ya droo zote, na nyuma yake, tumeacha nafasi ya joto iliyotengwa kwa ubao, ili nyoka asiweze kabisa kukigusa kitu kinachotoa joto. Jambo hili ni la lazima. Nyoka akilala juu ya kitu cha moto, mara nyingi haondoki upesi kama mtu aliyekanyaga kaa. Hukaa pale pale mpaka ngozi ya tumbo ikaungua.

Kanuni kubwa ya kazi yote ni hii: usimpe nyoka joto la namna moja, mpe nafasi ya kuchagua. Joto letu huingia upande wa nyuma wa droo. Nyuma panafaa kuwa digrii 29 au 30, na mbele digrii 22 hadi 24. Nyoka akisha kula atakwenda nyuma. Akishiba joto atakuja mbele. Tukilijaza droo zima digrii 30, tutakuwa tumemnyima kivuli, na nyoka hufa kwa joto kali upesi kuliko kwa baridi. Kila upande huwekwa kigae cha chungu cha kujificha, kwa sababu nyoka mwoga hukaa penye maficho hata kama pana baridi, na hapo nafasi ya kuchagua huwa ya bure.

Ziba kabla ya kuwasha

Watu wengi hufikiri kwanza juu ya moto. Sisi tulipiga hesabu kwanza juu ya mbao. Kuta zote za kabati, pamoja na juu na chini, zina eneo la karibu mita mraba 2. Ndani tunataka wastani wa digrii 27, nje kuna 12. Tofauti ni digrii 15. Kwa mbao tupu za sentimita 2, joto litokalo ni kama wati 90. Tukizizungushia mbao hizo sentimita 5 za sufu kavu ya kondoo iliyojazwa kwenye magunia, joto litokalo hushuka mpaka wati 22 hivi. Yaani robo tu! Sufu haitoi joto hata kidogo. Kazi yake ni kuishika hewa isitembee, na hewa iliyotulia ni mlango mgumu kwa joto kupita. Ndilo jambo lile lile afanyalo blanketi.

Kondoo wa Mudende wana sufu, na magunia ya viazi hayakosekani. Yafaa tu sufu ioshwe, ikaushwe vizuri, na ikae mbali na taa na nyaya za umeme. Ikiloa, haifai tena.

Matundu ya hewa hayazibwi. Tumetoboa matundu madogo mbele na kando ya kila droo, membamba kuliko kichwa cha nyoka mtoto. Joto kidogo hutoka humo, lakini pasipo matundu droo hutoa jasho, gazeti la chini hulowa, na ngozi ya nyoka hupata vidonda.

Joto litoke wapi?

Mkaa. Rafiki mmoja alishauri tuweke mbabula chumbani jioni. Jibu letu ni hapana, tena hapana kubwa. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo monoksidi ya kaboni. Haina rangi wala harufu, nayo huzuia damu isichukue hewa safi. Mtu husinzia asiamke. Sisi watu wa huku twajua mazuku, ile hewa mbaya itokayo ardhini upande wa Goma na kando ya ziwa, inayoua mbuzi na hata watu mabondeni. Lakini zisichanganywe. Mazuku ni dioksidi ya kaboni. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini shimoni, na aliye juu ya kilima huokoka. Hewa ya mkaa huchanganyika na hewa yote ya chumba, kwa hiyo kulala kitanda cha juu hakumwokoi mtu. Na lisemwalo hapa juu ya nyoka lisemwe pia mabwenini.

Mawe. Nchi yetu imejaa mawe meusi ya volkano, na mababu waliyatumia kushika joto la moto. Tulitaka kujua kama yanafaa. Kilo 1 ya jiwe hilo hushika joto la karibu kilojuli 0.84 kwa kila digrii. Kilo 1 ya maji hushika 4.2. Yaani maji huyashinda mawe mara 5. Jiwe la kilo 5 likipoa kutoka digrii 80 hadi 30 hutoa saa-wati 58 tu. Maji ya lita 5 yakipoa vivyo hivyo hutoa saa-wati 290. Tena jiwe lililolowa likitiwa motoni laweza kupasuka na kuumiza macho. Basi jiwe tumeliacha barabarani.

Maji. Hapa ndipo tulipopata faida. Usiku wa saa 12, kabati letu lililozibwa lahitaji wati 22, yaani saa-wati 264. Kwa hesabu tupu, bidoni 1 ya lita 5 yatosha. Lakini bidoni tupu hutoa joto lote mapema, kabati likawa moto saa 3 za usiku na baridi saa 10. Ukiizungushia blanketi, hutoa joto polepole, lakini alfajiri nusu ya joto yaweza kuwa bado imo ndani haijatoka. Dawa yake ni bidoni 2 za lita 5, kila moja na blanketi lake. Hivyo joto huanza na nguvu, hupungua taratibu, na mpaka asubuhi bado liko.

Maji yenyewe hutolewa kwenye jiko la shule wakati wa chakula cha jioni, bila kuongeza kuni. Hatutumii maji yanayochemka. Huku juu maji huchemka kabla ya kufika 100, kwenye digrii 93 hivi, lakini hata hayo huilegeza bidoni na kumchoma mchukuzi. Digrii 80 zatosha. Kifuniko hukazwa, na bidoni huchukuliwa na wawili.

Umeme. Umeme ni mwepisi kuliko maji, kwa sharti uwe na mlinzi. Taa ya zamani ya wati 40, ile yenye uzi unaowaka, hutoa karibu nguvu yake yote kwa njia ya joto. Taa za siku hizi za LED hazifai kwa kazi hii, kwa kuwa zimetengenezwa makusudi zisipoteze joto. Uko pia utepe wa joto, unaolazwa nyuma ya droo. Huo ndio wafugaji wengi wa nje hutumia. Lakini taa au utepe usio na mlinzi huendelea kupasha hata mchana jua linapowaka, na hapo nyoka hupikwa.

Mlinzi huyo huitwa themostati. Ya namna rahisi ina ukanda wa metali mbili zilizoshikamanishwa, tuseme shaba nyeupe na chuma. Tulisoma mwaka wa tatu kwamba shaba nyeupe hutanuka kuliko chuma. Joto likipanda, ukanda hupinda upande wa chuma, ncha yake huachana na ncha nyingine, na umeme hukatika. Kabati likipoa, ukanda hunyooka, ncha hugusana, na umeme hurudi. Hakuna mtu anayeamka usiku. Metali mbili zisizolingana zinafanya kazi ya bawabu.

Bawabu naye aweza kulala. Ncha zikigandana, umeme hautakatika tena. Kwa hiyo hutiwa themostati 2 katika mstari mmoja: ya kwanza hukata kwenye digrii 30, ya pili kwenye 34. Ya kwanza ikishindwa, ya pili huokoa. Na umeme wa mjini ukikatika, bidoni za maji ziko tayari. Themostati ya pasi haifai, maana hukata kwenye joto kali mno. Ya friji nayo hukata kwenye baridi. Inayofaa ni ile ya mashine ya kuatamia mayai ya kuku, ambayo hurekebishwa.

Kipimajoto hakisemi uongo

Mkono wa mtu si kipimo. Aliyetoka nje kwenye ukungu huona kabati lina joto. Aliyetoka jikoni huona lina baridi. Tunavyo vipimajoto 3, navyo huhamishwa kila siku kutoka droo moja hadi nyingine, mbele na nyuma. Tumeona wazi kwamba hewa ya joto hupanda: droo ya juu hupita ya chini kwa digrii 2 au 3. Kwa hiyo ubao ulio chini ya droo ya juu tumeupunguzia matundu, na ule wa chini tumeuongezea.

Hivi sasa kabati halina nyoka. Ndani ya kila droo tumeweka chupa ndogo ya maji mahali pa nyoka, na kipimajoto kimetiwa humo. Husomwa saa 2 usiku, saa 5, na saa 11 alfajiri, na hesabu huandikwa katika daftari iliyofungwa kwa kamba kwenye mguu wa kabati. Tumekubaliana kwamba hakuna nyoka atakayeingia mpaka usiku 14 upite mfululizo, upande wa nyuma usishuke chini ya digrii 27 wala usipite 32. Mpaka niandikapo haya tumefika usiku wa 9. Chupa ya maji ikipoa hakuna anayeumia. Ni afadhali usiku mbaya uipate chupa.

Kwa wale wasiopenda nyoka

Najua wako wasomaji watakaosema kwamba elimu hii haiwahusu. Nawaomba wafikiri juu ya vifaranga. Kifaranga wa siku ya kwanza ana jiko lake, lakini jiko hilo bado ni dogo. Huhitaji digrii 33 hadi 35 katika wiki ya kwanza, kisha hupunguziwa digrii 3 hivi kila wiki mpaka apate manyoya. Wengi katika tarafa hii hununua vifaranga Gisenyi, wakawapoteza usiku wa kwanza. Sanduku lililozibwa kwa sufu, bidoni 2 za maji moto zenye blanketi, na nafasi ya kukimbilia ubaridi: ni kazi ile ile. Kanuni ya pande mbili ni ile ile pia, kwani vifaranga wakilundikana wanaona baridi, wakikimbilia kingo wanaona joto, na wakitawanyika wametosheka.

Mwisho nina ombi kwa ndugu zetu waliomaliza shule hii. Umeme wa kabati bado haujafungwa, kwa kuwa hatuna themostati hata moja. Kama yuko kati yenu mfugaji wa kuku mwenye mashine ya kuatamia iliyoharibika, asiitupe. Themostati yake huenda bado nzima, hata kama feni imekufa. Atupelekee kwa gari la viazi linalopanda Jumatatu, nasi tutaijaribu kwanza kwenye chupa.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita, Mudende